INTANETI YA WOTE: UFUNGUO ATASHIKA NANI?

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima. Ilianza kurejea Novemba 3. Kwa siku hizo kijana wa Gungu alikuwa na simu mkononi, chaji imejaa, bando alilolilipia kwa jasho lake limo ndani, na hakuna kinachopita. Wa Mwanga hivyo hivyo. Wa Ujiji hivyo hivyo. Mvuvi wa Kibirizi na bosi wa Masaki walikuwa sawa kwa mara ya kwanza katika maisha yao, maana wote walikuwa gizani.

Hebu tujiulize, vijana wenzangu. Je, kuna mtu aliyekuja Gungu kukata waya? Je, kuna aliyepanda mnara wowote hapa Kigoma na kung'oa kitu? La hasha! Hakuna aliyesumbuka kuja huku mwisho wa reli. Amri ilitoka mbali, kampuni chache zikaitii, na mji mzima ukakatika. Watu laki kadhaa wa Kigoma na Ujiji walikuwa wamening'inia kwenye uzi mmoja, na mkasi ulikuwa mikononi mwa wengine.

Tangu hapo vijiweni kuna wimbo mmoja: "Na sisi tuwe na intaneti yetu!" Wajuaji wa kompyuta wanasema yapo maarifa ya kujenga mtandao usio na bwana mmoja, ambao nyumba zinashikana zenyewe kwa zenyewe, paa kwa paa, bila kitovu cha kukatwa. Wanasema kweli. Maarifa hayo yapo na yanafanya kazi katika nchi kadhaa, nyingine ni jirani zetu hapa. Mimi nauunga mkono wimbo huo kwa asilimia mia moja.

Lakini nina swali moja ambalo kijiweni hawalipendi. Siku tutakapofunga antena, ufunguo wa sanduku la mitambo atakaa nao nani? Atauweka wapi? Akifa, akihama, au akinunuliwa, je? Msiponijibu hilo, basi msinisumbue na habari za antena.

KIGOMA INAJUA MADHARA YA MDOMO MMOJA

Watoto wa 2000 hawajui, kwa hiyo wacha niwakumbushe. Mwaka 1994 palifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Kigoma Mjini. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa miaka miwili tu nyuma. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akaingia ulingoni dhidi ya mgombea wa CCM. Redio ya kusikilizwa nchi nzima wakati ule ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Matokeo yalipotangazwa, Kabourou akaenda mahakamani. Miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa katika kesi hiyo ni jinsi redio hiyo ya umma ilivyoelemea upande wa chama tawala wakati wa kampeni. Uchaguzi ukatenguliwa, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mpaka leo wanasheria wanaisoma.

Kwa hiyo mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa na Mzungu maana ya kutegemea mtambo mmoja. Wazee wetu walikaa sebuleni na redio ya mkulima wakisikia habari za mji wao zikitangazwa kutoka Dar es Salaam, wasiwe na pa kujibia. Sasa tofauti ya redio ile na intaneti ya leo iko wapi? Tunadhani tuna midomo milioni kwa kuwa kila mtu ana simu. Kumbe midomo yote inapitia koo moja! Koo likibanwa, milioni wote wanakuwa bubu.

Wala msidhani ni siasa tu. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika huko Bahari ya Hindi. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Pale hapakuwa na waziri wala mkuu wa mkoa, ni ajali ya bahari tu. Mtoto wa Gungu aliyetaka kumtumia mwalimu wake wa Katubuka picha ya daftari alikwama, kwa sababu ya waya uliokatika zaidi ya kilomita elfu moja kutoka alipo. Akili gani hiyo? Jirani kwa jirani, lakini ujumbe lazima uende kusalimia ng'ambo kwanza ndipo urudi nyumba ya pili!

MTANDAO USIO NA KITOVU NI KITU GANI

Tuelezane kwa Kiswahili cha sokoni. Kigoma ni mji wa vilima. Antena ndogo juu ya paa la Gungu ikionana na antena nyingine juu ya paa la Mwanga, bila mlima wala mwembe kukaa katikati, hizo mbili zinaongea bila waya na bila kupitia mnara wa kampuni yoyote. Ya Mwanga ikionana na ya tatu, na ya tatu ikarudi kuiona ya Gungu, tayari mna pembetatu. Paa moja likikatika umeme, ujumbe unazunguka upande wa pili. Kadiri mapaa yanavyoongezeka ndivyo njia zinavyoongezeka. Hakuna paa lililo mfalme.

Ndani ya mtandao huo mnaweka kompyuta moja au mbili za kuhifadhi vitu, yaani seva. Humo mnaweka masomo ya shule, vitabu, matangazo ya mtaa, bei za dagaa, na hata Wikipedia ya Kiswahili, ambayo tangu 2003 imeandikwa na watu wa kujitolea na inaweza kusomwa bila intaneti ya nje kwa programu iitwayo Kiwix. Hivyo vyote vinabaki hata nyaya za baharini zikikatika.

Kwa mambo ya nje ya mji bado mtanunua intaneti kwa kampuni. Lakini mtanunua kwa jumla, kama mwenye duka anunuavyo gunia la sukari, halafu mnagawana kilo kilo. Leo kila mmoja wetu ananunua kijiko kimoja kimoja kwa bei ya dhahabu, halafu tunashangaa mbona hatuneemeki.

Nisiwadanganye. Mtandao wa namna hii hauwezi kukurudishia Facebook siku nchi nzima imezimwa. Anayekwambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Unachopata ni kwamba Gungu itaendelea kuongea na Gungu, mwanafunzi ataendelea kusoma, na mama ntilie ataendelea kupokea oda za chakula kutoka ofisi ya jirani. Si jambo dogo hilo.

MAFUNDI WAPO, WATU WAKO WAPI?

Sasa tufike kwenye kidonda. Vijana wengi wanadhani kazi ni kupata vyombo. Tukipata mfadhili wa antena kumi na rauta ishirini, basi, mambo safi! Ndugu zangu, Afrika imejaa makaburi ya vyombo. Miaka ya 2000 wafadhili walijenga vituo vya mawasiliano kila pembe ya bara hili, na kompyuta mpya, na bango kubwa mlangoni, na waziri wa kukata utepe. Vingi vilikufa. Havikufa kwa sababu kompyuta zilikuwa mbovu. Vilikufa kwa sababu mfadhili alipoondoka hapakuwa na mtu wa kulipa umeme, hapakuwa na fundi aliyelipwa, na hapakuwa na kikao cha kuulizana fedha zimekwenda wapi. Kituo kilikuwa cha wote, na maana yake ikawa si cha mtu.

Tutazame waliofanikiwa, tuone siri yao.

Huko Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, kuna mahali paitwapo Mankosi. Ni shamba hasa, watu wa kawaida, umeme wa shida. Mwaka 2012 wakazi wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walianza mtandao wao na kuuita Zenzeleni, neno la Kixhosa lenye maana ya "jifanyieni wenyewe". Hawakuanza kwa kugawa rauta. Walianza kwa vikao, na wazee wa vijiji wakiwemo. Wenyeji ndio waliochagua nyumba za kuweka mitambo, na mitambo ikaendeshwa kwa umeme wa jua. Na pesa ya kwanza ilipatikana wapi? Kwa kuchaji simu! Umeme wa jua uliozidi uliuzwa kwa majirani waliotaka kuchaji, kwa bei nafuu. Wakaunda ushirika, wakaenda kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao kuomba ruhusa kisheria, wakapata. Mradi huo ulikuwa na wenyewe kabla haujawa na waya.

Njoo karibu. Ziwa Kivu humwaga maji yake kwa mto Ruzizi, na Ruzizi huingia ziwa letu hili la Tanganyika. Katikati ya Kivu kuna kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Mnamo 2016 kisiwa hicho kikapata mtandao ulioitwa Pamoja Net, intaneti ikivuka maji kwa mawimbi ya redio kutoka ng'ambo. Kama Idjwi waliweza kuvusha mawimbi juu ya maji, sisi wa Gungu wenye barabara ya lami tunashindwa nini?

Kibera, Nairobi, mahali ambapo magazeti ya kizungu yanapaita shimo la umaskini, vijana wa Tunapanda waliunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wao, TunapandaNET, na humo wakaweka masomo ya kusomwa bila kulipia bando. Na hapa hapa Tanzania, wilaya ya Kondoa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwemo Dk. Jabhera Matogoro, walianzisha mtandao wa jamii kwa msaada wa taasisi ya Internet Society, wakaanzia kwenye shule. Kwa hiyo asije mtu akasema hayo ni ya Ulaya.

Ukitaka ya Ulaya nayo ipo. Huko Catalonia, Hispania, mwaka 2004 watu wa vijijini waliona kampuni za simu hazina haja nao kwa kuwa hawana faida. Wakajifungia antena wenyewe. Leo mtandao wao, guifi.net, una vituo zaidi ya 30,000. Uliwezaje kukua hivyo bila kuibiwa na wajanja? Kwa mkataba ulioandikwa. Kila anayeunganisha paa lake anakubali sharti moja, kwamba kipande chake ni sehemu ya mali ya wote na hana ruhusa ya kumzuia mwingine kupita. Mfanyabiashara anaruhusiwa kuuza huduma humo, ila lazima achangie gharama za kuutunza kulingana na anavyoutumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Wakatalani hawajui methali hiyo, lakini wanaitekeleza kuliko sisi tulioitunga.

SOMO LA HAVANA

Nimeacha mfano mmoja wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ni wa vijana kama ninyi. Mjini Havana, Cuba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliotaka kucheza gemu za kompyuta pamoja walianza kuvusha nyaya kutoka dirisha hadi dirisha, kutoka paa hadi paa. Nchi ile intaneti ilikuwa adimu na ghali. Mtandao wao, SNET, ukakua hadi kuunganisha maelfu kwa maelfu ya watu jijini. Waligawana jiji kwa kanda, kila kanda na wasimamizi wake, kila kanda na michango yake. Walikuwa na sheria kali: siasa marufuku, picha chafu marufuku, mkorofi anatolewa nje. Nidhamu hiyo iliwalinda kwa miaka mingi.

Mwaka 2019 serikali ikatoa kanuni mpya. Nguvu ya mitambo ikawekewa mpaka mdogo, na nyaya za kuvuka barabara zikakatazwa. Wasimamizi wakajadiliana na serikali, na mwisho wake SNET ikaingizwa ndani ya vilabu vya kompyuta vya serikali, Joven Club. Kilichojengwa kwa karibu miaka ishirini kikamezwa.

Nini kiliwaangusha? Ufundi walikuwa nao. Umoja walikuwa nao. Walichokosa ni hati. Mbele ya sheria SNET haikuwa mtu. Haikuwa ushirika, haikuwa chama, haikuwa na leseni. Ilikuwa inavumiliwa tu, kama mmachinga anavyovumiliwa mpaka asubuhi mgambo wanapoamka vibaya. Kijana wa Gungu anayeuza mitumba barabarani anajua vizuri ninachokisema.

TUNAVYO, HATUVITUMII

Wapo watakaosema, "Sisi Waswahili hatuwezi vitu vya pamoja, tutaibiana." Huo ni uongo wa kujidharau. Nani aliwaambia hatuwezi?

Tazama mtumbwi wa dagaa. Usiku mmoja unahitaji mwenye chombo, mwenye injini, wa taa, na wavuta wavu. Asubuhi pale Kibirizi mapato yanagawanywa kwa mafungu yanayojulikana, mafuta yakikatwa kwanza. Hakuna mwanasheria aliyeandika, na kila mtu anajua haki yake. Anayedhulumu, kesho hapati wa kwenda naye majini. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, watu waliumia. Lakini walielewa hoja, kwamba kitu cha wote kisipokuwa na utaratibu kinakwisha.

Tazama kijiwe cha bodaboda. Kina mwenyekiti, kina katibu, kina mweka hazina. Kina zamu. Kina mfuko wa msiba na wa ajali. Mgeni haegeshi pikipiki bila kujiandikisha. Tazama VICOBA vya mama zetu, ambako sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na pesa zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Mama asiyejua kusoma anajua hesabu ya kikundi chake kwa kichwa.

Huo ndio mtandao usio na kitovu, jamani! Tulikuwa nao kabla ya kompyuta. Kufuli tatu za VICOBA ni akili ile ile wanayoisifu wataalamu wa Marekani kwa maneno magumu, kwamba asiwepo mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake. Tatizo letu ni kwamba tukiona kitu kina taa na waya tunasahau yote tuliyolelewa nayo, tunamwachia fundi mmoja mwenye laptopu kila kitu, tunasema "yeye ndiye anajua". Baada ya mwaka fundi huyo ndiye mwenye mtandao. Bwana mmoja wa Dar es Salaam tumemkimbia, tukajitengenezea bwana mdogo wa Gungu.

MASHARTI MANNE

Kwa hiyo mimi nasema, kabla ya antena ya kwanza kupanda juu, yawepo mambo manne, na yaandikwe.

Kwanza, pesa. Kila nyumba ilipe kila mwezi, hata kidogo. Cha bure hakina mtetezi. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, si kutumwa kwa wakubwa peke yao. Akipatikana mfadhili, msaada wake ununue vyombo tu. Gharama za kila mwezi zitoke kwenye mifuko yetu, ili siku akiondoka tusizimike.

Pili, ufunguo. Neno la siri la mitambo lisikae na mtu mmoja. Watu watatu, wa mitaa tofauti, waliochaguliwa kwa kura na wanaoweza kuondolewa kwa kura. Na hapa naomba mnisikie vizuri, hata kama gazeti hili ni la chama: ufunguo huo usishikwe na chama chochote. Si chama tawala, wala si sisi wa upinzani. Siku antena ya mtaa itakapopakwa rangi ya chama chetu, siku hiyo nusu ya majirani wataondoka, na dola itapata kisingizio. Tulilalamika redio ya umma ilipogeuzwa ya chama. Tukifanya hayo hayo kwenye paa la Gungu tutakuwa na tofauti gani na tuliowalalamikia?

Tatu, ufundi. Wafundishwe kumi, asifundishwe mmoja. Na kati ya hao kumi wawemo wasichana, si kwa kupendeza wageni bali kwa hesabu za kawaida. Vijana wa kiume wa mji huu wanahama. Leo yuko Gungu, kesho Mwanza, keshokutwa Lubumbashi. Mtandao unaotegemea vijana wa kiume peke yao utakufa siku treni itakapoondoka nao.

Nne, kikao. Hapa ndipo ninapowalaumu ninyi hasa, vijana wenzangu. Mnataka Wi-Fi, hamtaki kikao. Mkisikia mpira wa Simba na Yanga mnafika saa mbili kabla. Mkisikia mkutano wa mtaa mnasema "hayo ya wazee". Sasa nani atamwuliza mweka hazina maswali? Mitambo haiulizi maswali. Kama kikao kina watu watano, mtandao ni wa watu watano, hata uwe na mapaa elfu moja.

KWA WAKUBWA

Neno moja kwa serikali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni kwa huduma za mawasiliano. Sawa, hatusemi watu wavunje sheria. Tumeona Havana mwisho wa kukaa bila hati. Lakini leseni inaweza kuwa mlango na inaweza kuwa ukuta. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, gharama za kupata leseni ya blogu zilizidi shilingi milioni mbili, na mwezi Juni mwaka huo JamiiForums wakalazimika kusimamisha huduma kwa muda. Mwenye blogu wa Kigoma, ambaye mtaji wake ni simu moja, angezitoa wapi milioni mbili? Huo ulikuwa ukuta.

Jirani zetu Kenya walifanya tofauti. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliweka utaratibu wa leseni kwa ajili ya mitandao ya jamii peke yake, kwa ada ndogo inayolingana na uwezo wa watu wa mtaani. Hawakuogopa kwamba Kibera itapindua serikali kwa rauta. Wakubwa wetu wanaohubiri uchumi wa kidijitali kila jukwaani nao wawe na utaratibu ambao kikundi cha Gungu kinaweza kuulipia kwa michango ya mwezi mmoja. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na jina lake linajieleza lenyewe. Wote ni akina nani kama si sisi?

Lakini tusikae kungoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yako mambo ambayo hayahitaji waziri wala mfadhili. Kuita majirani kumi hakuhitaji leseni. Kuandika katiba ya kurasa mbili, kuchagua washika funguo watatu, kufungua daftari la michango na kwenda kwa ofisa ushirika wa Manispaa kuuliza namna ya kusajili kikundi, hayo yote yanaweza kuanza wiki hii. Mkiwa na hayo, hata kama antena itachelewa mwaka mzima, kazi kubwa imekwisha. Mkikosa hayo, hata wakiwaletea mitambo ya mamilioni kesho asubuhi, mtakuwa mmehamisha mkasi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Wanaotaka tuendelee kuning'inia kwenye uzi mmoja hawaogopi antena zetu, maana antena zinanunuliwa na zinang'olewa. Wanachokiogopa ni watu wa Gungu waliozoea kukaa pamoja, kuchanga na kuhesabu mbele ya wote, bila kumwachia mtu mmoja ufunguo. Basi jioni ya leo, kabla ya kuulizana bei ya rauta, ulizaneni kikao ni lini na kwa nani.